Kipimo Nacho Kipimwe: Utangulizi wa Saikolojia kwa Wanafunzi wa Kabongo

Saikolojia ni elimu inayochunguza akili, hisia na mwenendo wa binadamu kwa ushahidi. Maswali yake ni yale ambayo kila mtu hujiuliza. Kwa nini mtoto mmoja hushika somo siku ya kwanza na mwenzake siku ya nne? Kwa nini mjane huendelea kukosa usingizi wakati matanga yalikwisha zamani? Kwa nini majirani waliooleana na kuzikana hugeukiana ndani ya mwezi mmoja? Mazungumzo ya jioni yakipata jibu linaloridhisha, huishia hapo. Saikolojia huendelea kudadisi: jibu hili limepatikanaje, ameulizwa nani, na mwingine akirudia uchunguzi huu atakuta yaleyale?

Nimeandika utangulizi huu nikiwafikiria wanafunzi wa Kabongo na wa maeneo mengine ya Haut-Lomami: Kamina, Kaniama, Bukama na Malemba-Nkulu. Wengi wenu mtakutana na somo hili kwanza katika sehemu ya pedagojia ya shule ya sekondari, mkijiandaa kufundisha shule za msingi. Mtalikuta limejaa majina ya Wajerumani, Wamarekani na Warusi, na mtaweza kudhani kwamba nchi yenu haimo. Imo, tena mara mbili. Mara ya kwanza ni kama nchi yenye wataalamu wake wa kumbukumbu. Mara ya pili ni kama nchi ambayo watu wake walipimwa na wageni. Ukizisoma historia hizo mbili pamoja, utapata kanuni ambayo ningependa uishike kuliko jina lolote la mwanachuoni: kabla hujahukumu akili ya mtu kwa kipimo, kipimo chenyewe nacho kipimwe.

Wenye kumbukumbu

Kabongo ni mojawapo ya makao ya warithi wa ufalme wa Waluba, ambao wakati wa ukoloni uligawanyika kati ya ukoo wa Kabongo na ule wa Kasongo Nyembo. Ufalme huo haukuweka historia yake vitabuni. Habari za Nkongolo Mwamba, za mwindaji Mbidi Kiluwe aliyekuja kutoka mashariki, na za mwanawe Kalala Ilunga zilitunzwa na chama cha Mbudye. Wanachama wake walipanda daraja kwa daraja, na waliofika juu walifundishwa kusoma lukasa.

Lukasa ni kibao cha mti chenye kiuno chembamba, kinachoenea mkononi, kilichopigiliwa shanga na simbi. Msomaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kupitisha juu yake kidole cha mkono wa kulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na shanga ndogo yaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga waweza kuwa njia ya safari. Kwa kidole hicho huja orodha za wafalme, mahali patakatifu, uhusiano wa koo na mipaka ya madaraka. Shanga hazihami, ila masimulizi hufuata wasikilizaji waliopo na jambo lililowakutanisha. Mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts walitoa kitabu kizima juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu, sambamba na maonyesho yaliyofanyika New York. Tangu hapo lukasa hutajwa mara nyingi wasomi wa dunia wanapojadili jinsi binadamu wanavyokumbuka.

Sasa linganisha na maabara. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu alioufanya kwa kujipima mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akahesabu alichosahau baada ya dakika, saa na siku. Aligundua kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua mwendo. Alikuwa ameondoa maana makusudi ili apate hesabu safi. Mwaka 1932 Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha hasara ya kuiondoa: mtu anapokumbuka hujenga upya alichokisikia, kwa kutumia mambo yenye maana katika maisha yake. Kati ya mifano yake yumo mchungaji wa Uswazi aliyeweza kueleza rangi, alama na bei za ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja uliopita, kwa sababu kwa Waswazi ng'ombe ni jambo la uzito mkubwa. Na mwaka 1973 Endel Tulving na Donald Thomson walionyesha kwamba kidokezo humrudishia mtu jambo pale kinapokuwa kimefungamana na jambo hilo tangu lilipokuwa likijifunzwa.

Maana, mahali, na kidokezo kilichofungamana na somo: hayo matatu yalikuwa kazini katika kibao cha Mbudye kabla maabara ya kwanza haijafunguliwa. Yale ambayo maabara iliyaongeza ni kuhesabu makosa, kulinganisha watu wanaotumia njia fulani na wasioitumia, na kuchapisha matokeo ili mpinzani ayakague. Mwanasaikolojia wa Kabongo ana urithi wa pande zote mbili, na hana sababu ya kuona haya kwa upande wowote.

Maabara na mitazamo

Kwa desturi, kuzaliwa kwa saikolojia kama sayansi huhesabiwa kuanzia mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Alipima muda ambao mtu huchukua kuitikia sauti au mwanga, na aliwazoeza wasaidizi wake kueleza kwa makini wanachokihisi. Marekani, William James alichapisha mwaka 1890 kitabu kikubwa kilichouliza swali jingine: akili inamsaidia mtu kufanya nini maishani? Baada yao elimu hii ilitawanyika katika mitazamo kadhaa, na njia nzuri ya kuielewa ni kuiweka yote mbele ya tatizo moja.

Chukua mtoto wa darasa la tatu ambaye ghafla ameacha kusema darasani. Mwenye mtazamo wa kibiolojia ataanza na mwili. Je, anasikia vizuri? Hivi karibuni aliugua malaria kali iliyopanda kichwani? Anakula nini kabla ya kuja shule? Mtazamo huu ulipata nguvu tangu mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alipoonyesha kwamba mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kusema alikuwa na jeraha katika sehemu mahususi ya ubongo, upande wa kushoto kwa mbele.

Mfuasi wa Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechapisha kitabu chake juu ya ndoto mwaka 1900, atauliza ni hofu au huzuni gani mtoto ameizika asiweze hata mwenyewe kuitaja. Madai mengi ya Freud yameshindwa kuthibitishwa, na mengine hayapimiki kabisa. Hata hivyo, mambo mawili yamebaki: kwamba utoto huacha alama ndefu, na kwamba mtu aliyeumia hupata nafuu akisikilizwa na mtu aliyefundishwa kusikiliza.

Wenye mtazamo wa kitabia watachunguza yanayotokea kabla na baada ya mtoto kufungua mdomo. Mrusi Ivan Pavlov alikuwa ameonyesha jinsi mbwa anavyojifunza kudondosha mate kwa ishara inayotangulia chakula. Mwaka 1913 John B. Watson alidai saikolojia ijishughulishe na mwenendo unaoonekana tu, na B. F. Skinner akaeleza jinsi thawabu inavyojenga mazoea. Kwa hiyo watauliza: mara ya mwisho mtoto huyu alipokosea jibu, alichekwa? Alipigwa? Mwalimu wa shule ya msingi atakayeusoma mtazamo huu vizuri ataelewa kwa nini fimbo hufundisha hofu ya somo kwa haraka kuliko inavyofundisha somo.

Carl Rogers na Abraham Maslow, walioshika mtazamo wa kiutu, wangetaka kujua kama mtoto huyu anajiona mtu anayethaminiwa. Wenye mtazamo wa utambuzi, uliopamba moto kuanzia miaka ya 1950, wangefuatilia jinsi anavyopokea habari, anavyozihifadhi na anavyozifikiria. George Miller alionyesha mwaka 1956 kwamba akili hubeba kwa wakati mmoja vitu vichache tu, takriban saba. Mtoto anayetafsiri kila neno la mwalimu kichwani amekwisha kutumia nafasi hiyo kabla hajaanza kufikiri.

Hapo ndipo mtazamo wa kijamii na kiutamaduni unapoingia. Mwanzilishi wake mkuu, Lev Vygotsky wa Urusi, aliyefariki mwaka 1934, alisema kwamba mtoto hufikiri kwanza pamoja na watu wengine, ndipo baadaye hufikiri peke yake, na kwamba lugha ndiyo daraja. Mtoto wetu anaongea Kiluba nyumbani na Kiswahili sokoni, na darasani anazidi kukutana na Kifaransa kadiri anavyopanda madarasa. Kiluba cha Katanga si miongoni mwa lugha nne za taifa. Tshiluba cha Kasai, ambacho ni lugha nyingine, kimo. Huenda mtoto hana ugonjwa wowote wala hofu yoyote iliyozikwa. Huenda ameishiwa maneno katika lugha anayotakiwa kuitumia, huku akiwa nayo tele katika lugha asiyoulizwa.

Mitazamo hii imeshindana vikali kwa zaidi ya karne. Mwanafunzi mzuri hahitaji kuchagua mmoja na kuikana mingine. Anahitaji kujua ni upi unaojibu swali alilonalo, na upi umelikwepa.

Katanga mbele ya wapimaji

Katika miaka ya 1950 kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na pedagojia huko Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Kampuni ilitaka kujua nani afunzwe kuendesha mtambo na nani abaki na sururu, na watafiti kama Paul Verhaegen na J. L. Laroche waliwapima wafanyakazi na watoto wa shule. Mwaka 1960 Maria Leblanc alichapisha uchunguzi wake juu ya nafsi ya mwanamke wa Katanga na mabadiliko ya maisha yake.

Jina kubwa la kipindi hicho ni André Ombredane, profesa wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels. Alichukua jaribio la Kimarekani ambamo mtu huonyeshwa picha na kuombwa atunge hadithi yake, akaagiza picha mpya zenye watu na mazingira ya Kongo, na kulichapisha mwaka 1954. Kisha akatumia matriksi za John Raven, kipimo cha Uingereza cha mwaka 1938, ambamo mtu huona mchoro wenye pengo na kuchagua kipande kinachoukamilisha. Mwaka 1957 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya Waluba 485 waliopewa kipimo hicho.

Takwimu za namna hii zilikuja kutumiwa na waandishi waliotaka kuthibitisha kwamba Mwafrika ana akili ndogo. Lakini Ombredane huyohuyo na wenzake walikuwa wamechapisha mwaka mmoja kabla, 1956, uchunguzi uliopaswa kuwanyamazisha. Waliwapa Wasalampasu wa Kasai kipimo cha Raven zaidi ya mara moja, na alama zikapanda kila waliporudia. Akili za watu hazikuwa zimekua katika muda huo mfupi. Kilichobadilika ni kwamba karatasi, michoro na namna ya kuulizwa vilikuwa vimeanza kuzoeleka. Alama za mara ya kwanza, kwa kiasi kikubwa, zilikuwa zimepima ugeni wa kipimo.

Jirani zetu wa Zambia walituletea ushahidi mwingine. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha matokeo ya watoto wa Lusaka na wa Manchester waliotakiwa kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya, watoto wa Zambia walishinda. Kwa udongo, walikwenda sawa. Mtu yeyote aliyewaona wavulana wa Katanga wakikunja waya kuwa lori lenye usukani na magurudumu yanayozunguka ataelewa mara moja. Angepimwa kwa kalamu peke yake, mtoto anayekunja waya hivyo angeandikiwa kwamba hawezi kuiga umbo. Uganda nako, mwaka 1974, Mallory Wober aliripoti kwamba wanavijiji wa Buganda walihusisha akili na utulivu na kutenda taratibu, ilhali kipimo cha kizungu humtuza anayewahi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii huchukuliwa kama kauli ya kuvumiliana. Kwa mwanasaikolojia ni onyo la kitaalamu.

Hatari ya kwanza ni hiyo ya kipimo kigeni; ya pili ni ya kusema kwa niaba ya watu wote. Mwaka 1945, Élisabethville, padre Mfransisko Placide Tempels alichapisha kwa Kifaransa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, alichokitoa katika maisha yake miongoni mwa Waluba wa Katanga. Kiini chake kilikuwa nguvu ya uhai: mtu huongezeka au hupungua kupitia uhusiano wake na wazee, watoto, wafu na jirani. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ujasiri kuandika kwamba Waafrika wana fikra zilizopangika. Wanafalsafa wa Kiafrika waliokuja baadaye, akiwemo V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, walikikosoa kwa hoja nzito: hakuna kichwa kimoja cha Wabantu ambacho mgeni anaweza kukisomea wengine. Kabongo kuna mkulima, mwalimu, mfanyabiashara wa samaki na kijana anayeota Lubumbashi. Kila mmoja anastahili kuulizwa mwenyewe.

Matawi

Leo saikolojia ina matawi mengi. Nitaeleza machache yenye kazi iliyo karibu nanyi.

Saikolojia ya ukuaji huchunguza binadamu tangu tumboni hadi uzeeni. Moja ya nguzo zake ilijengwa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama 26 katika vijiji karibu na Kampala, akatazama jinsi watoto wachanga wanavyomfanya mama kuwa kituo salama cha kutokea na kurudia. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na nadharia ya mapenzi ya mtoto kwa mlezi inayofundishwa duniani kote ilipata hapo ushahidi wake wa mwanzo. Kenya, Charles Super alionyesha mwaka 1976 kwamba watoto wa Wakipsigis huwahi kukaa na kutembea kwa sababu wazazi wao huwafundisha mambo hayo makusudi.

Saikolojia ya utambuzi huchunguza kuona, kukumbuka, kufikiri na lugha. Kongo ina mfano maarufu. Mwaka 1961 Colin Turnbull aliandika juu ya mwenzake Mmbuti kutoka msitu wa Ituri, ambaye alipofika kwenye uwanda wazi aliwaona nyati wa mbali akauliza ni wadudu gani. Kisa hiki hurudiwa vitabuni kama uthibitisho kwamba macho hufundishwa na mazingira. Kumbuka, hata hivyo, kwamba ni mtu mmoja katika siku moja. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1966, Marshall Segall na wenzake walipochapisha ulinganisho wa jamii nyingi, ndipo hoja ikapata miguu. Kisa kimoja huibua swali, hakitoshi kulijibu.

Saikolojia ya kijamii huchunguza mtu kati ya watu. Miaka ya 1970 Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyenusurika vita vya Hitler, aliwagawa wavulana wa Bristol katika makundi kwa sababu ya kipuuzi, kama vile mchoraji waliyempendelea. Hata hivyo walianza kulipendelea kundi lao na kulinyima jingine. Katanga ina kila sababu ya kulisoma jaribio hilo kwa moyo mzito. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai, baadhi yao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko, na wengine walifia njiani wakingoja treni. Siasa ndiyo iliyowasha moto ule. Saikolojia inaeleza kwa nini kuni zilikuwa kavu, na kwa hiyo inatusaidia kujua pa kuanzia ili zisiwake tena.

Saikolojia ya tiba hushughulika na mateso ya nafsi. Vita vya wanamgambo wa Mai-Mai mwanzoni mwa miaka ya 2000 viliwakimbiza watu Malemba-Nkulu, Mitwaba na Pweto, na wapo ambao bado hushtuka usiku. Kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain kiko Lubumbashi, safari ndefu kutoka Kabongo. Ndiyo maana uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 na Judith Bass na wenzake una uzito kwetu. Mashariki mwa Kongo, wanawake walionusurika ukatili wa kingono walipewa tiba ya kikundi na wasaidizi Wakongomani wasio madaktari, na mazoezi yalirekebishwa ili yashikwe kichwani na wasiojua kusoma. Miezi 6 baada ya tiba, asilimia 9 tu ya waliokuwa katika vikundi walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya asilimia 42 ya waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. Tiba inaweza kufika kijijini, ikifundishwa vizuri na kupimwa kwa haki.

Zipo pia saikolojia ya elimu, itakayokaa nanyi kila siku darasani, na saikolojia ya kazi, ambayo bila shaka migodi ya Katanga inaihitaji zaidi leo kwa ajili ya usalama wa wachimbaji kuliko ilivyoitumia zamani kuwachuja.

Unaloombwa kuleta

Elimu hii ilichelewa kukaa kwetu. Chuo kikuu kilifunguliwa Élisabethville mwaka 1956. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, saikolojia ikawekwa Kisangani, na hali ikawa hivyo hadi mwaka 1981. Walimu wetu wengi walisafiri mbali kuipata. Ninyi mnaipata karibu zaidi, na wajibu wenu umekua kwa kiasi hicho.

Unapoanza, jifunze takwimu bila woga, kwa sababu ndizo zitakazokukinga dhidi ya anayetumia namba kudhalilisha watu. Omba ridhaa ya kila unayemchunguza, mweleze kwa lugha yake unachotafuta, na tunza siri yake hata ndugu zake wakikuuliza. Jaribu kipimo chako kwanza kwa watu wachache, uwaulize walielewa nini, kisha ukirekebishe. Rudia. Na ukikuta matokeo yasiyoipendeza jamii yako au wewe mwenyewe, yaandike vilevile.

Maswali yanawasubiri. Mtoto wa Kabongo anayeanza kusoma kwa Kiluba huelewa hesabu kwa kasi gani akilinganishwa na anayeanza kwa lugha nyingine? Wazee wanaosimulia nasaba hukosea wapi, na nini huwasahihisha? Mjane anayesaidiwa na kikundi cha kanisa hupona tofauti na asiye nacho? Hakuna profesa wa Leipzig wala wa Brussels aliye mahali pazuri pa kuyajibu kuliko wewe, unayejua lugha, unayejua nyumba za kubisha hodi, na sasa unayejifunza namna ya kupima. Chagua moja, liandike kwa sentensi ambayo bibi yako ataielewa, na uanze nalo sura ya kwanza.